Viashiria vya Upakiaji na Kasi Inayohisiwa

Kiashiria cha upakiaji ni alama inayotokea kwenye skrini ya simu wakati programu inasubiri jambo ambalo halijakamilika: data kutoka kwenye seva, picha inayopakuliwa, muamala unaoshughulikiwa. Aina zake zinazojulikana zaidi ni kiduara kinachozunguka, mstari unaojaa taratibu, na skrini ya kiunzi, yaani ukurasa wenye maumbo ya kijivu mahali ambapo maandishi na picha zitakaa. Kasi inayohisiwa ni wepesi au uzito wa programu kama mtumiaji anavyouona mwenyewe, na mara nyingi hutofautiana na ule unaopimwa kwa saa. Tofauti hiyo imewashawishi wabunifu wengi kuamini kwamba kazi ya kiashiria ni kumsahaulisha mtu kuwa anasubiri. Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Kiashiria husaidia pale kinapotoa habari za kweli kuhusu kazi inayoendelea. Pambo lisilo na habari hupunguza muda unaohisiwa kwa kiasi kidogo tu, na kwenye programu za fedha huleta hasara.

Msingi wa mjadala huu uliwekwa kabla simu za mkononi hazijaenea. Mwaka 1968 Robert B. Miller wa IBM alichapisha uchambuzi wa muda ambao mtu anaweza kuvumilia kati ya kuiagiza kompyuta na kujibiwa, na mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya kompyuta, akaeneza viwango vitatu ambavyo bado vinafundishwa. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu huona kana kwamba kidole chake ndicho kilichotenda. Hadi sekunde 1 anatambua kuchelewa, lakini mawazo yake hayakatiki. Zikipita sekunde 10, anageukia jambo lingine. Kwa hiyo si kila kusubiri kunahitaji alama: ukurasa unaofunguka kwa nusu sekunde ukitanguliwa na kiduara, skrini inabadilika mara mbili badala ya mara moja, na jambo lililokuwa jepesi linaonekana zito. Kwa kusubiri kurefu, kazi ya mwanzo yenye uzito ni ya Brad Myers wa Chuo Kikuu cha Toronto, iliyochapishwa mwaka 1985. Aliwapa watu 48 kazi ya kutafuta taarifa kwenye hifadhidata, wakiwa na mstari wa maendeleo na bila mstari huo, na asilimia 86 wakasema wanaupenda. Mstari haukuiharakisha kompyuta. Ulichowapa ni kujua wamefika wapi na kimebaki kiasi gani.

Anayetetea mapambo atajibu kwa kazi za Chris Harrison wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzake, na jibu hilo lina nguvu. Mwaka 2007 walionyesha kwamba mistari miwili yenye muda uleule huhisiwa tofauti kulingana na mwendo wake: unaoongeza kasi kuelekea mwisho huonekana mfupi, unaokwama karibu na mwisho huonekana mrefu. Mwaka 2010 wakaonyesha kwamba michirizi inayotembea kinyumenyume ndani ya mstari hupunguza muda unaohisiwa kwa asilimia 11. Hayo ni kweli, lakini tuyapime. Asilimia 11 ya sekunde 10 ni kama sekunde moja. Mtu aliye kwenye mtandao wa kijijini, anayesubiri dakika nzima, anapunguziwa sekunde zisizofika saba, naye bado hajui kama picha yake itafika. Tena matokeo ya mwaka 2007 yanaweza kusomwa kwa namna nyingine: kukwama kwenye asilimia 95 kunaudhi kwa sababu mtu alikuwa ameuamini mstari. Aliuchukulia kama ahadi.

Kiduara hakiahidi chochote, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Ni mchoro unaochezwa na simu yenyewe, unaorudiwa mpaka programu iamuru ukome. Mtandao ukikatika, kinaendelea kuzunguka. Seva ikizimika, kinaendelea kuzunguka. Kama mtengenezaji hakuweka kikomo cha kusubiri, kitazunguka hadi betri iishe, na mtumiaji hana njia ya kujua kama kuna kazi inayofanyika nyuma yake. Mwaka 2013 mbunifu Luke Wroblewski alieleza jinsi programu yake ya kura za maoni, Polar, ilivyoanza kulalamikiwa kuwa nzito baada ya kuwekewa viduara, kwa kuwa watu walianza kukitazama kusubiri chenyewe. Tiba aliyoipendekeza ni skrini ya kiunzi, na imeigwa kote. Hata hivyo majaribio ya kampuni ya Viget mwaka 2017 yalikuta skrini hiyo ikihisiwa kuwa na muda mrefu kuliko kiduara. Mgongano huu si wa ajabu. Kiunzi kinachofanana na ukurasa unaokuja, na kujazwa sehemu kwa sehemu data inapowasili, kinasema jambo la kweli. Maumbo ya kijivu yasiyolingana na chochote, yanayometameta kisha kufutika yote kwa pamoja, ni kiduara kilichobadilishwa umbo.

Njia yenye nguvu kuliko zote ni kuupanga upya muda wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya Instagram, Mike Krieger, mmoja wa waanzilishi wake, alieleza kwamba programu huanza kupakia picha wakati mtumiaji bado anaandika maelezo yake, hivyo akibonyeza kitufe cha mwisho sehemu kubwa ya kazi imeshapita. WhatsApp nayo huweka ujumbe kwenye mazungumzo papo hapo, lakini ukiwa na alama ndogo ya saa. Ukipokelewa na seva saa hiyo inageuka tiki moja, ukifika kwenye simu ya mpokeaji tiki zinakuwa mbili. Hapa haraka na ukweli vimekaa pamoja, na watu wamejifunza kuusoma mfumo huo kwa kina: tiki moja iliyokaa kutwa nzima humaanisha mwenzio amezima simu au hana bando.

Itasemwa kwamba mtumiaji wa kawaida hataki kujua habari za seva, anataka shughuli iishe. Malipo ya simu yanaonyesha vinginevyo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu mwanzo kilichoaminiwa dukani ni SMS ya uthibitisho, yenye namba ya muamala. Muuzaji hutazama simu yake, si skrini ya mteja. Nchini Kenya, programu nyingi za leo huungana na mfumo huo kupitia Daraja, lango ambalo Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa huko, imewafungulia watengenezaji. Ombi la malipo likitumwa, jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo huja baadaye, mteja akishaingiza PIN. Katikati anaweza kukosea PIN, kughairi, kukosa salio au kukosa mtandao. Programu inayoonyesha alama ya kijani kwenye jibu la kwanza ili ionekane nyepesi inamdanganya muuzaji. Inayoacha kiduara kizunguke bila maneno inamsukuma mteja alipe tena. Inayofaa hutaja hatua: ombi limetumwa, tunasubiri PIN yako, malipo yamethibitishwa, na muda ukipita bila matokeo, husema wazi kwamba jibu halijafika na kwamba asilipe tena kwa sasa. Maneno hayo yanahitaji kuungwa mkono na seva. Kila malipo yapewe namba ya pekee tangu kitufe kinapobonyezwa, ili ombi lilelile likitumwa mara ya pili litambuliwe na fedha zisikatwe upya.