Prosesa za majaribio: Jinsi ya kuzitambua kabla ya kununua

PROSESA ndiyo ubongo wa tarakilishi. Kabla ya aina mpya ya prosesa kufika madukani, kampuni inayoiunda hutoa kwanza nakala chache za majaribio, ambazo wahandisi huzitambulisha kwa herufi ES. Nakala hizo hukabidhiwa waundaji wa tarakilishi na wa programu ili waandae bidhaa zao mapema na kuripoti kasoro watakazogundua.

Shughuli hii huendeshwa kwa awamu. Kila chipu inaporekebishwa hupewa alama mpya, mathiwalan A0, kisha A1 au B0. Nakala za awali aghalabu huwa na kasi ya chini kuliko iliyokusudiwa, na baadhi ya uwezo wake huenda umezimwa. Zile za mwisho, zenye herufi QS, hukaribiana mno na bidhaa itakayouzwa.

Umuhimu wa majaribio ulidhihirika mwaka wa 1994, Profesa Thomas Nicely wa Marekani alipobaini kuwa prosesa ya Pentium, ambayo tayari ilikuwa sokoni, ilikosea katika hesabu fulani za kugawanya. Kampuni ya Intel ililazimika kukubali kuzibadilisha bila malipo, na ikatenga dola milioni 475 kwa hasara hiyo. Ikiwa chipu iliyopita majaribio yote yaweza kuwa na dosari, ile ambayo haijayakamilisha haiwezi kuaminiwa.

Intel inashikilia kuwa nakala za ES husalia kuwa mali yake. Hutolewa kwa mkopo chini ya mkataba, haziruhusiwi kuuzwa, na hazina dhamana. Hata hivyo, nyingi huponyoka na kuishia katika masoko ya mtandaoni, ambako huuzwa kwa bei nafuu.

Jambo hili lafaa kuzingatiwa na wakazi wa Machakos. Kaunti hiyo inapakana na eneo la Konza, ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia mnamo Januari 2013. Mwanafunzi anayetafuta tarakilishi iliyotumika, au mfanyabiashara anayeanzisha saiba, hushawishika kwa urahisi na bei ya chini. Lakini nakala ya majaribio yaweza kuzima ghafla, au kukataa kuwaka baada ya programu ya BIOS ya bodi kuboreshwa, kwa kuwa programu mpya si lazima iitambue. Mwenye saiba hupoteza mapato, na pesa alizonunulia haziregeshwi na mwundaji.

Kuitambua si vigumu. Kwanza, soma maandishi yaliyochongwa juu ya prosesa yenyewe. Ile ya Intel iliyoidhinishwa kuuzwa huwa na msimbo unaoanza kwa herufi S, ilhali ya majaribio huwa na msimbo unaoanza kwa Q, na nyingi huandikwa "INTEL CONFIDENTIAL", yaani siri ya Intel. Pili, washa tarakilishi na utazame jina la prosesa. Nakala nyingi za majaribio huonyesha tarakimu 0000 mahali pa nambari ya modeli. Tatu, tumia programu ya bure ya CPU-Z, ambayo huonyesha herufi ES kando ya jina.

Kisheria, mnunuzi ana kinga. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nchini Kenya, Sura ya 31, huchukulia kuwa anayeuza kitu ana haki ya kukiuza. Aliyeuziwa mali ya mwingine aweza kudai fedha zake, na stakabadhi humsaidia kuthibitisha dai lake. Kwa hivyo, dai risiti inayotaja modeli kamili ya prosesa, na usikubali kulipa kabla ya kuiona tarakilishi ikiwaka na jina hilo kuonekana kwenye skrini.