Bahasha ya senge, na historia ya mashine ya CT

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa nyumbani, Likuyani. Leo siandiki juu ya programu mpya. Nataka niwasimulie historia ya mashine ya CT, halafu niwaambie kwa nini bahasha ya kaki inayotoka nayo isitupwe.

Senge wangu (kwa wasio Waluhya, senge ni shangazi) alipatikana na uvimbe kwenye pafu. Tulipanda matatu pale Matunda, akaenda kupigwa skani mjini, kisha akaanza dawa za saratani. Baada ya miezi kadhaa alipigwa skani ya pili, hospitali nyingine. Daktari akaniuliza, "Ile ya kwanza iko wapi?" Ilibaki kule kwa kwanza, na tulipoifuata haikuonekana. Daktari akasema, "Naona uvimbe wa sentimita 4. Lakini sijui kama ulikuwa 7 au 2."

Kwa sisi waandika programu, hiyo ni sawa na kupewa toleo la mwisho bila kumbukumbu za matoleo ya nyuma. Huwezi kujua kilichobadilika.

Swali la daktari ni la zamani hapa kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alianza kufuatilia uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona. Wakakuta kwamba ni nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama huku kwetu, na ni wa kawaida mabondeni kwenye joto na mvua. Burkitt alipojaribu dawa, baadhi ya watoto uvimbe wao ulinywea kwa siku chache. Kipimo chake kilikuwa jicho: picha ya uso kabla ya dawa, na picha ya uso baadaye.

Lakini uvimbe wa pafu hauonekani usoni. Picha ya eksirei nayo hulaza kila kitu juu ya kingine. Ni kama kutazama rundo la chapati kutoka juu: iliyoungua katikati huioni.

Aliyeliwazia tatizo hilo mapema ni Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Akajiuliza: nikipitisha miale kutoka pande nyingi, je, hesabu inaweza kuniambia kilichomo ndani? Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali.

Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI (ndiyo, ile ya santuri za Beatles) alifika kwenye wazo hilo kwa njia yake. Yeye alikuwa mtu wa tarakilishi. Aliongoza timu iliyounda EMIDEC 1100. Jaribio lake la kwanza la maabara lilichukua siku 9 kukusanya vipimo, na tarakilishi ikatumia saa mbili na nusu kupiga hesabu. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa skani: mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Picha ilikuwa na pikseli 80 kwa 80 tu, na uvimbe ulionekana. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari.

Kumbukeni jambo moja: skani ya CT ni namba kabla ya kuwa picha. Kila pikseli ina kipimo cha Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa hupanda mamia hadi kupita 1000. Na kinachopimika kinaweza kulinganishwa. Ndiyo maana mwaka 2000 ulitolewa utaratibu uitwao RECIST, ukaboreshwa mwaka 2009. Kwa ufupi: jumla ya vipenyo vya uvimbe ikipungua angalau asilimia 30 kutoka skani ya mwanzo, dawa inafanya kazi. Ikiongezeka angalau asilimia 20 na milimita 5 kutoka kipimo kidogo kabisa kilichowahi kupatikana, ugonjwa unasonga mbele.

Sasa watu wanataka kutabiri kabla ya kusubiri. Mwaka 2014 Hugo Aerts na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,019 wa saratani ya pafu na ya kichwa na shingo. Programu ilitoa sifa 440 kutoka kila uvimbe, kama umbo na mkwaruzo wake, na baadhi zilihusiana na muda ambao wagonjwa waliishi. Kazi nzuri. Lakini programu hujua ilichofundishwa. Huku kwetu mapafu mengi yana makovu ya kifua kikuu, ambayo kwenye skani yanaweza kufanana na saratani. Ili programu itutabirie sisi, inahitaji skani zetu, ya kabla na ya baada. Nyingi ziko chini ya vitanda, au zimepotea kama ya senge.

Ilibidi tuanze kuhesabu upya kutoka ile ya pili. Senge akaendelea na dawa ile ile miezi miwili zaidi. Skani ya tatu ikaonyesha sentimita 5. Kutoka 4 hadi 5 ni asilimia 25. Dawa ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Pengine ingebadilishwa miezi miwili mapema, hatutajua.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkimpeleka mtu skani, ombeni sidii, si filamu peke yake. Faili zake ni za mfumo wa DICOM, na ndani yake mna tarehe, unene wa kila kipande na namba zote. Nakilini mara tatu. Za senge sasa ziko kwangu, kwa binamu yangu Kitale, na kwenye bahasha anayoilalia mwenyewe.