Tarehe ya Viasi vya Bunduki Arusha

Bunduki iliyotuletea Boma la Mjerumani hapa Arusha ilikuwa imeshazeeka. Wanaosema Mjerumani alitushinda kwa silaha mpya wanakosea, na kosa hilo limesemwa mno barazani.

Oktoba 1896 wapiganaji wa Meru na Arusha waliwaua wamisionari Ovir na Segebrock kule Akeri. Kapteni Johannes wa jeshi la Mjerumani akaja kutoka Moshi kulipa kisasi, na Wachaga wengi nyuma yake. Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa 1900. Boma lilijengwa kwa jasho la watu walioshurutishwa.

Askari wa Johannes walibeba Mauser ya 1871. Kiasi chake kilikuwa ganda la shaba: fataki kitakoni, baruti nyeusi tumboni, risasi nene ya milimita 11 mdomoni. Wakati huo jeshi la Ujerumani kwao lilikwisha kupewa bunduki ya 1888, ya baruti isiyo na moshi. Makuukuu ndiyo tuliyoletewa sisi, na kwa mkuki na ngao yalitosha.

Hayakutosha mwaka 1914, vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipoanza. Waingereza walirudishwa nyuma Longido Novemba 3, lakini kampuni nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa bado na Mauser ileile. Askari akifyatua, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka, na adui anajua pa kulenga. Ushindi wa Tanga siku zilezile uliwapa bunduki mpya za kutosha kampuni tatu tu.

Hapa nisimame kwa habari ya meli, maana ndipo watu wanapobishana. Aprili 1915 meli Rubens, iliyomletea Mjerumani silaha na kujisingizia kuwa Kronborg ya Denmark, ilikimbizwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikapanda mwamba. Vitabu vinamsifu nahodha Christiansen kwamba aliokoa vita. Aliokoa nini? Viasi vilivyoopolewa vilikuwa vimelowa chumvi. Baruti iliharibika, fataki zikaoza, bunduki zikawa zinagoma kulia. Ilibidi vifumuliwe kimoja kimoja, baruti isafishwe, fataki mbovu zing'olewe na kutiwa nyingine zilizokuwamo nchini, japo hazikuwa za namna moja. Kazi ya vidole na subira, maelfu kwa maelfu. Waliokaa chini kuifanya ndio ninaowapa sifa, na hakuna mtaa wenye jina lao.

Machi 1916 Waingereza waliingia Arusha.

Baadaye wakaja wawindaji wa tembo na bunduki zao za mitutu miwili. Kiwanda cha Kynoch, Uingereza, kilipoacha kutengeneza viasi vya bunduki hizo, nyingi zikawa pambo la ukutani. Uwindaji ulipigwa marufuku 1973, ukafunguliwa 1978. Risasi za nchi sasa hutengenezwa Morogoro, na Shirika la Mzinga.

Boma leo ni makumbusho. Mwenye ganda tupu lililookotwa Longido alipeleke huko, wajukuu walione. Lakini anayekuta kiasi kizima, risasi bado mdomoni, asikiguse wala asikigonge, awaite polisi.