Muuaji Anajulikana: Fumbo Lililohama katika Riwaya ya Uhalifu ya Afrika

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuiweka riwaya ya upelelezi upande wa fasihi pendwa, kisha kuipima kwa swali moja: je, taharuki imedumu hadi mwisho? Kipimo hicho kilitosha pale fumbo lote lilipokuwa kumjua muuaji. Hakitoshi kwa riwaya kadhaa za uhalifu zilizotoka barani Afrika tangu mwanzo wa karne hii, ambazo humfichua mtendaji mapema, pengine katika kurasa za mwanzo kabisa, na bado haziwekeki chini. Hoja ya makala haya ni kwamba fumbo limehama. Kinachopelelezwa sasa ni maelezo ambayo jamii imekwisha kuyapokea kuhusu kifo: yalitungwa vipi, na nani ananufaika yasipohojiwa. Riwaya inayoifanya kazi hiyo inastahili muda wa msomaji hata kama msuko wake ni mwepesi.

Mbegu ya jambo hili imo katika Kiswahili chenyewe. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya mswada wake kushinda shindano la East African Literature Bureau, maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo jibu limekwisha kuwapo kabla ya swali. Kwamba mpelelezi wake Bwana Msa, na kiko chake na swahiba wake Najum ubavuni, ni ndugu wa Sherlock Holmes, limesemwa mpaka limechosha. Lililo zito zaidi ni kwamba kazi yake ya kwanza si kumtafuta mtu, bali kukataa jibu lililo tayari na kusisitiza kuwa pana mkono wa binadamu. Hata hivyo, Abdulla anaamini kwamba akili ikishasema, watu watasikiliza. Imani hiyo haikutikiswa sana na waliomfuata. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika miaka ya 1970, alimhamishia adui nje, miongoni mwa wapinzani wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na dola ikabaki upande wa haki.

Imani hiyo inavunjika kwa Unity Dow, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana. Riwaya yake The Screaming of the Innocent inamwonyesha msomaji mapema mfanyabiashara anayeheshimika akimvizia mtoto wa kike ili viungo vyake vifanywe dawa. Hakuna cha kubahatisha. Polisi wanaieleza familia kwamba mtoto kaliwa na wanyama, na faili linafungwa. Miaka mitano baadaye msichana aliyepelekwa kwa utumishi wa taifa kwenye zahanati ya kijiji analikuta sanduku lenye nguo za marehemu. Mnyama wa polisi anafanya kazi ileile ya mzimu wa Abdulla, ila safari hii uongo umepigwa muhuri wa serikali. Dow, aliyeandika katika nchi ambayo mauaji ya msichana wa shule huko Mochudi mwaka 1994 yalizusha ghasia, anajua kwamba ushahidi unaweza kuwapo, ukaonekana, na usifue dafu.

Femi Kayode, katika Lightseekers ya mwaka 2021, anakwenda mbali zaidi. Wanafunzi watatu wameuawa na umati mchana kweupe, na video imesambaa. Nyuma ya hadithi hiyo kuna kivuli cha wanafunzi wanne waliouawa Aluu, karibu na Port Harcourt, mwaka 2012. Maelezo yaliyopokewa ni mafupi: walikuwa wezi. Anayeajiriwa kuyachunguza ni mwanasaikolojia aliyerejea kutoka Marekani, mgeni wa mji na wa lugha yake, na kurasa bora za kitabu ni zile ambamo mji mzima unamfungia midomo kwa adabu. Kitabu kinalegea pale kinapoanza kumkuza mchochezi mmoja nyuma ya umati, kwa kuwa mamia ya mikono yaliyoshiriki yanapata tena mtu wa kuyabebea dhambi. Oyinkan Braithwaite hakuingia mtego huo. Katika My Sister, the Serial Killer ya mwaka 2018, Ayoola anaua wapenzi wake na dada yake Korede, muuguzi wa Lagos, anafuta damu. Mtungaji wa maelezo ya uongo ndiye msimulizi wetu. Mtu pekee anayeambiwa ukweli ni mgonjwa aliyepoteza fahamu, na mgonjwa huyo anapozinduka akikumbuka, taharuki inayozaliwa haihusu kabisa nani kaua. Inahusu kama ukweli ukishasikika utadai kitu.

Inaweza kupingwa kwamba msomaji wa riwaya hizi amepewa ahadi, na kumnyima fumbo la muuaji ni kuivunja. Lakini Braithwaite anasomeka kwa kasi kuliko vitabu vingi vyenye washukiwa kumi, na sura zake fupi zinasukumwa na hofu ileile ya kugundulika. Tofauti ni kwamba hofu hiyo sasa ni ya msomaji pia, kwa kuwa naye amekuwa msiri. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba usomaji wa namna hii unaigeuza riwaya kuwa taarifa ya uchunguzi wa jamii. Ingekuwa hivyo kama thamani yake ingetokana na tukio lililoichochea. Aluu haimfanyi Kayode kuwa mwandishi bora, na kasoro ya mchochezi wake ni kasoro ya umbo, inayoonekana hata kwa asiyewahi kulisikia tukio hilo. Kuhusu lugha, ni kweli kwamba riwaya hizi tatu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtafsiri wa Kiswahili angekuwa na kazi kubwa kuipata sauti kavu ya Korede. Angeanza, hata hivyo, na wasomaji ambao Abdulla amekwisha kuwafundisha kulishuku jibu la mzimu. Somo ambalo hawajapewa naye ni kumshuku Najum.