Saidia Fundi Mpaka Lini?

Dodoma ni mji wa wakurugenzi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo baada ya 2016, ukikaa mgahawani saa ya chakula cha mchana, meza ya jirani haikosi kumtaja mkurugenzi fulani. Lakini kwenye kamusi mkurugenzi ana ndugu ambaye mezani hatajwi kabisa: mwanagenzi, yaani mtu anayeanza kujifunza kazi.

Yatamke maneno hayo polepole. Mkuru-genzi. Mwana-genzi. Mkia ni mmoja. Mhaya, Mganda na Mnyarwanda wakisema kugenda, wanamaanisha kwenda. Kwa Kinyarwanda umugenzi ni msafiri, na pia ni rafiki. Kwa sikio langu basi, mmoja ni mkubwa wa safari na mwingine ni mtoto wa safari. Wamepishana hatua tu, njia yao ni moja.

Nchi hii ya kati inaielewa vizuri picha hiyo. Kabla ya reli, misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na Unyanyembe ilipita Ugogo, ikikatiza Marenga Mkali, mbuga isiyo na maji ya kutegemea. Mbele alikuwepo kirangozi, mjuzi wa njia. Nyuma yake walikuwemo vijana, hasa wa Kinyamwezi, ambao kwao safari ya pwani ilikuwa kipimo cha uanaume. Hapakuwa na darasa. Ulijifunza njia kwa kumfuata anayeijua, na safari ya baadaye ungeweza kutangulia wewe.

Hata neno mwanafunzi halikuzaliwa na ubao na chaki. Linatoka kwenye mzizi uleule wa fundi, funda na fundisha. Biblia ya Kiswahili inawaita wanafunzi watu kumi na wawili waliokuwa wazima kabisa, wakiwemo wavuvi na mtoza ushuru, ambao masomo yao yalikuwa kutembea na mwalimu. Baadaye shule ikalichukua neno hilo na kulivalisha sare. Kijana wa gereji au wa useremala akabaki hana jina.

Nafasi hiyo ikajazwa na majina ya kikazi ya zama za ukoloni, na majina hayo hayakuwa na habari na safari ya mtu. Kibarua ni barua ndogo: mfanyakazi aliitwa kwa kile kikaratasi alichopewa cha kuhesabia siku zake. Manamba wa mashamba ya mkonge waliitwa kwa namba. Boi aliitwa kwa umri ambao hakuwa nao tena. Mtu ana wajukuu, bado ni boi. Barabarani akaongezeka tandiboi, yule wa kwenye lori, ambaye leo tunamwita utingo.

Kongwa, mashariki ya Dodoma, ilionyesha hasara ya kuwaona watu kama mikono tu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mpango mkubwa wa karanga. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na vijana wakafundishwa haraka haraka kuyaendesha. Muda si mrefu mashine nyingi zikawa zimelala chini. Kilichoua mpango huo mwaka 1951 kilikuwa zaidi ya hapo: udongo unaokauka ukawa kama saruji, mvua za kubahatisha, na wakubwa wasiotaka kuwasikiliza Wagogo walioijua ardhi yao. Lakini somo la kazi lipo pia. Mashine unaweza kuishusha melini kwa siku moja. Ufundi unataka miaka.

Sasa njoo kwenye majengo ya leo. Mji umekuwa ukijengwa tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, na siku hizi Mtumba na Ihumwa hazipoi. Kila penye fundi, pembeni yupo saidia fundi. Anachanganya zege, anapandisha tofali, anashika kamba. Liangalie jina lenyewe. Hakuitwa hata msaidizi wa fundi. Ni amri, saidia fundi!, iliyogeuzwa kuwa jina la mtu. Inasema afanye nini leo, na haisemi atakuwa nani kesho.

Mlinganishe na kuruta. Pale Makutupora, nje kidogo ya mji, kijana wa JKT akiitwa kuruta haoni raha, na jina lenyewe hutamkwa kwa ukali. Lakini kuruta anajua ukuruta wake una mwisho. Ipo siku atapita kwa gwaride mbele ya mgeni rasmi, na kesho yake jina hilo litahamia kwa mwingine. Saidia fundi hana gwaride. Wapo waliolibeba jina hilo miaka kumi, mikono yao inajua kila kitu, ila malipo bado ni ya msaidizi kwa sababu jina halijabadilika. Wakati mwingine fundi mwenyewe hana haraka ya kulibadilisha.

Sisi wenye kalamu tusijione tumepona. Katika vyumba vya habari yupo anayeitwa mwandishi wa kujitegemea. Jina tamu hilo. Maana yake mara nyingi ni kijana anayelipwa kwa habari iliyotoka, isipotoka anajitegemea kweli. Nimewahi kuwa huyo. Nauli yangu, simu yangu, njaa yangu, vyote nilivitegemea mwenyewe.

Serikali imelirudisha neno zuri. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, na ofisi zinazoshughulikia kazi na ajira zinazungumzia mafunzo ya uanagenzi, na upo urasimishaji ujuzi, ambapo fundi wa mtaani anapimwa kwa anachokijua na kupewa cheti. Ni hatua. Ila bado neno linaishi kwenye fomu na mabango. Nani umemsikia akiita jukwaani, "We mwanagenzi, leta mwiko"?

Wala sidai tulitamke tu halafu tukalale. Mkimwita mwanagenzi bila kumwambia safari ni ya muda gani, atajifunza nini mwaka wa kwanza na wa pili, na malipo yatapanda lini, mtakuwa mmempaka saidia fundi rangi mpya. Uzuri wa neno hili ni kwamba linadai. Ukishakubali kwamba mtu yuko safarini, lazima mkubaliane anakwenda wapi, na lini anafika.