Kibao cha Kutetemeka: Miaka 150 ya Kuuziwa Mtikisiko, Sasa Zamu ya Mifupa ya Bi Mkubwa

Kama uko Instagram, hii umeshakutana nayo. Staa fulani (jina tunaliweka kapuni) amesimama juu ya kibao kidogo, kibao kinatetemeka, yeye anatabasamu tu. Maelezo chini yanasema dakika 10 kwa siku, tumbo linaisha na mifupa inakaza. Siku hizi tangazo hilo linatua mpaka kwenye grupu la familia, kwa sababu vipimo vya bi mkubwa vimeonyesha mifupa imepungua uzito na watu wanataka kuchanga wamnunulie.

Kabla hamjatoa hela, wadau, ijueni historia yake. Kibao hiki kina mababu, na kila babu alikuja na ahadi yake.

Babu wa kwanza tumtafute Stockholm, Sweden. Mwaka 1865 daktari Gustav Zander alifungua taasisi iliyojaa mashine za mazoezi. Nyingine ulizisukuma wewe, nyingine zilikusukuma wewe: unakaa, mashine inakutikisa. Mwaka 1876 alizipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, na matajiri wakazipenda. Kwenye picha za zamani utawaona wamevaa suti kabisa, wanatikiswa.

Paris nako, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, Jean-Martin Charcot, alisikia wagonjwa wake wa Parkinson wakisema wanapata nafuu baada ya safari ndefu ya treni au gari la farasi. Mwaka 1892 akaja na kiti kinachotikisika kama treni. Marekani, John Harvey Kellogg, ndiyo huyo wa cornflakes, aliweka viti vya kutetemeka kwenye kituo chake cha tiba Battle Creek. Ahadi yake? Choo kigumu kitalainika na kichwa kitaacha kuuma.

Katikati ya karne iliyopita ikaja zamu ya mkanda: unauzungusha kiunoni, unawasha mota, nyama zinacheza. Eti mafuta yanayeyuka bila jasho. Mafuta hayakwenda popote, ila mikanda iliuzika.

Sasa mifupa iliingiaje humu?

Mwaka uleule wa 1892, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alitoa kitabu chenye hoja iliyobadilisha mambo: mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ukiutumia unaimarika, ukiuacha unapungua. Wanaanga ni ushahidi mzuri. Huko juu miili yao haina uzito, na mfupa wa nyonga unaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi.

Wanawake nao, hedhi ikikoma, mifupa hupungua kwa kasi. Bibi wa miaka 75 huwezi kumwambia aruke kamba. Wanasayansi wakajiuliza: je, mtetemo mdogo unaweza kuudanganya mfupa udhani umebeba mzigo?

Mwaka 2001 jibu likaja kutoka kwa kondoo. Timu ya Clinton Rubin wa Marekani iliwatetemesha kondoo miguu ya nyuma dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mwaka mzima. Ndani ya mfupa wa paja, sehemu ile yenye vitundu kama sponji iliongezeka kwa asilimia 34. Bwana wee! Wauzaji walipata walichokuwa wanakitafuta.

Tatizo, bi mkubwa si kondoo.

Toronto, Kanada, wanawake 202 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yalitoka 2011: waliosimama kwenye kibao na wasiosimama, mifupa yao haikupishana. Marekani wakajaribu kwa wazee 174, wastani wa miaka 82, dakika 10 kila siku kwa miaka 2. Matokeo ya 2015 yakawa yaleyale: mifupa haikuongezeka.

Kwa hiyo ni utapeli mtupu? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopitwa. Hong Kong, wanawake 710 walifuatiliwa miezi 18, ripoti ikatoka 2014. Mifupa haikuongezeka kwa maana, lakini waliotumia kibao walianguka mara chache zaidi: karibu 19 kati ya 100, wakati wenzao walikuwa karibu 29. Misuli ya miguu na balansi viliimarika. Na nyonga ya mzee mara nyingi inavunjika kwa sababu ameanguka.

Mkanda nao umerudi. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mkanda wa kutetemesha kiuno na nyonga, Osteoboost, kwa wanawake waliokoma hedhi ambao mifupa yao imeanza kupungua. Ahadi safari hii ni ya kiasi: kupunguza kasi ya mfupa kupotea, tena kwa cheti cha daktari.

Na msichanganye vipimo. Mtetemo wa majaribio haya mengi ni mdogo sana, unausikia kwa mbali kwenye nyayo. Mashine nyingi za jimu zinatikisa kwa nguvu zaidi. Kama mtikisiko mkali ungekuwa dawa, madereva wa malori wangekuwa na migongo ya chuma, kumbe ndio wanaolalamika mgongo.

Kinachojenga mfupa bado ni kazi. Australia, wanawake wenye mifupa iliyopungua walinyanyua vyuma vizito chini ya msimamizi, nusu saa mara 2 kwa wiki, miezi 8. Mfupa wa kiuno ukapanda asilimia 2.9, wakati wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walishuka 1.2.

Kwa hiyo mkichanga, mpelekeni kwanza bi mkubwa kwa daktari, hasa kama ameshawahi kuvunjika au ana vyuma mwilini. Kibao kinaweza kumsaidia asianguke. Atakayewaambia kinaota mfupa mpya, muulizeni: wa mtu au wa kondoo?

Kwenu bibi anafanya zoezi gani? Tupia hapo chini.