Kazi ya Mgonjwa: Kutoka Lutindi hadi Ibaba

Kila ninapofundisha historia ya sera za jamii, wanafunzi wengi huanza hesabu yao mwaka 2010, Bunge lilipotunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni hatua kubwa. Lakini ukiifikisha katika kata ya Ibaba, wilayani Ileje, unakutana na swali lisilojibiwa kwa asilimia. Katika nyanda zile za juu, kaya nyingi huishi kwa jembe. Mwajiri wa watu 20 atapatikana wapi? Na kijana mwenye kifafa, au mama aliyetoka hospitali akiendelea na dawa za maradhi ya akili, nani atamsaidia kurudi kwenye kazi yake?

Hoja yangu ni kwamba nchi hii iliwahi kuwa na majibu ya swali hilo kabla ya sheria za asilimia, na kwamba tulipoyaacha tuliacha mabaya yake pamoja na mazuri yake.

Tuanzie Lutindi, katika milima ya Usambara, Korogwe. Mwaka 1896 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua pale makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Kuanzia mwaka 1904 mahali hapo pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kazi ya mikono, hasa ya shamba, ilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Tusilipambe jambo hili kupita kiasi: ilikuwa enzi ya ukoloni, na mgonjwa aliyetengwa mlimani hakuwa na sauti ya kuchagua kazi wala ya kudai ujira. Hata hivyo, wazo lililobaki ni zito, yaani kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa na bado akawa na kazi. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, ilirithi zaidi desturi ya kuwaweka wagonjwa ndani ya kuta.

Baada ya uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba katika nchi ya kijamaa kila anayeweza kufanya kazi sharti afanye kazi. Waliosamehewa ni watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu na wale ambao dola haikuweza kuwapatia kazi kwa wakati huo. Nia ilikuwa njema: asiyejiweza asiachwe afe njaa. Lakini kumsamehe mtu kazi ni kuamua kwa niaba yake kwamba haiwezi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo la kazi, nadhani ilifaa aulizwe.

Ajabu ni kwamba katika kipindi hichohicho, wahudumu wa afya ya akili walikuwa wakielekea upande mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kilianzishwa kijiji cha kilimo cha wagonjwa wa akili huko Hombolo, Dodoma, na vingine vikafuata, kikiwamo Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Humo mgonjwa alilima na kufuga chini ya uangalizi wa wauguzi, huku ndugu wakihusishwa. Kazi ilikuwa ileile iliyomngoja nyumbani, na aliyemfahamu ugonjwa wake alikuwa karibu naye shambani. Udhaifu wake nao ulikuwa wazi. Vilitegemea fedha ya serikali, na bado vilimweka mtu mbali na kijiji chake mwenyewe.

Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Ajira kwa Watu Wenye Ulemavu, iliyowataka waajiri wa watu 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi. Hapo lugha ilibadilika: kazi ikawa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au UKIMWI, na ikatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya siku hizo kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara.

Yote haya ni ya kutetewa. Lakini sheria hizi zinamwona mtu mlangoni tu, anapoingia kazini au anapotolewa. Hazimpi mtu wa kumsindikiza baada ya kuingia. Kwingineko jambo hilo ndilo lililotiliwa mkazo. Marekani, marekebisho ya mwaka 1986 ya sheria ya utengamao yaliweka rasmi ajira yenye usaidizi: mtu huingia katika kazi ya kawaida, miongoni mwa watu wote, na msaidizi humfuata hukohuko.

Kwa Ibaba, kazi ya kawaida ni shamba, ufugaji, biashara ndogo sokoni. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 katika hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mkopo ukitolewa bila usindikizaji, mtu akiishiwa dawa msimu wa palizi, shamba huota magugu na jina lake huingia katika orodha ya wadaiwa sugu.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wafikirie jambo moja. Afisa ustawi wa jamii, afisa ugani na mhudumu wa afya wa kijiji huitembelea kaya ileile, kila mmoja na daftari lake. Wakipanga ziara moja ya pamoja kabla ya kupanda na nyingine wakati wa palizi, wakaulizana kuhusu dawa na mbegu kwa pamoja, watakuwa wameleta lililokuwa jema Hombolo bila kumhamisha mtu kwao. Na wanaharakati, mnapoidai asilimia 3, idaini pia nauli ya ziara hizo ndani ya bajeti ya halmashauri, maana isipoandikwa humo hakuna atakayekwenda.